Neno Ambalo Sikuruhusiwa Kuongeza

Nianze na kiti, kwa sababu hakuna atakayewaambia habari za kiti. Ukiingia chumba cha daktari usikae katikati yake na mgonjwa kama shangazi anayesuluhisha ndoa. Vuta kiti nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili daktari amtazame mgonjwa na mgonjwa aisikie sauti yako bila kuuona uso wako. Mgonjwa akiuona uso wako ataanza kuzungumza na wewe, na kabla hujatahamaki utakuwa unazijua habari zote za mkwe wake huku daktari akitazama saa.

Nimestaafu mwezi uliopita, baada ya miaka ishirini na mitatu ya ukalimani wa Kiswahili, mingi yake katika hospitali na zahanati za magharibi mwa Sydney. Wenzangu wa ofisi ya Parramatta walininunulia keki ya nazi, kwa kudhani kila Mtanzania amelelewa kwa nazi. Mimi natoka Kasulu, ambako nazi tulikuwa tukiisikia redioni. Niliila yote. Kisha vijana mnaoanza kazi mkaniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo kwenye kozi. Vyeo sitaviandika, maana mkalimani hana cheo: kuna mkalimani, halafu kuna mkalimani aliyezeeka. Nitaandika yale niliyojifunza, na jambo moja nililokosea, ambalo yule lililomfika ameniruhusu niliandike mradi nimbadilishie jina.

Kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu ana tabia moja mbaya, anajibu kabla ya kuulizwa. Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mzee mmoja wa Burundi aliyeumwa tumbo. Daktari alimuuliza tumbo lilianza lini. Mzee alianzia kijijini kwao, akavuka mpaka, akapita kambini, akapanda ndege, akalaumu maharage ya kwenye ndege, na mimi nikamwambia daktari, "Tangu afike." Nikajiona hodari. Daktari akauliza maumivu yako upande gani. Nilikuwa nimeshamwona mzee akijishika ubavu wa kulia, nikajibu mwenyewe, "Kulia."

Nyuma yangu alikaa Eleni, Mgiriki mjane aliyepewa kazi ya kunifundisha. Alikuja nchi hii akiwa msichana, akaanza kwa kuwafasiria wanawake wa viwandani kabla ukalimani haujawa kazi yenye cheti. Tulipotoka nje akaniuliza, "Mgonjwa alikuwa nani?"

"Yule mzee."

"Basi mbona nimekusikia wewe ndiye unayeumwa?"

Tangu siku hiyo sikumjibia mtu. Eleni alinifundisha kanuni zote, na alizitamka kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Usiongeze, usipunguze, usishauri. Daktari akitoka chumbani nawe toka, maana ukibaki na mgonjwa peke yenu atakuuliza maswali yasiyokuhusu. Usile cha mteja kazi ikiwa haijaisha. Na sema "mimi" pale mteja anaposema "mimi." Hii ya mwisho ilinitesa. Mwanamke akisema "nina mimba ya miezi miwili," nawe unamwambia daktari kwa Kiingereza "nina mimba ya miezi miwili," hata kama wewe una wajukuu. Wiki za kwanza niliona haya kweli. Baadaye nikazoea kuwa na mimba, kisukari na kesi ya leseni ya udereva, vyote kabla ya chakula cha mchana.

Zana zetu ni chache. Daftari dogo la waya, penseli mbili, chupa ya maji, peremende. Penseli, si kalamu, kwa kuwa wino una tabia ya kukauka daktari anapofika kwenye vipimo vya dawa. Kazi ikiisha, chana karatasi mbele ya mteja, vipande vidogo, ili aone kwamba siri yake haiondoki na mkoba wako. Wateja wetu wengi ni Warundi na Wakongo waliokaa kambini miaka mingi, na katika maisha yao karatasi yenye jina lao ni jambo zito. Wengine walikuwa wakiviokota vile vipande na kuvitia mfukoni mwao wenyewe. Sikuwahi kuwazuia.

Kazi za uzazi zilinijia mapema kwa sababu nilikuwa mwanamke na wakalimani wa Kiswahili tulikuwa tunahesabika. Miaka hiyo kutoa mimba kulikuwa bado kumo kwenye sheria ya makosa ya jinai ya jimbo letu. Madaktari walikuwa na njia zao za kulifanya ndani ya sheria, lakini kila mtu chumbani alishusha sauti, daktari, nesi, mgonjwa, na mimi pia nikashusha, maana sauti nayo hufasiriwa. Mimi ni mtu wa kanisa. Sikuwa na msimamo mkubwa juu ya jambo hili, na sitawadanganya kwamba nilikuwa nao. Nilikuwa na kazi. Wanawake waliponiuliza kwenye korido, "Dada, ni dhambi?" niliwajibu kwamba siruhusiwi kushauri. Lilikuwa jibu sahihi, nami nilijificha ndani yake vizuri kabisa.

Sasa nifike kwa Riziki. Alikuwa Mkongo wa upande wa Uvira, akakulia katika kambi kule kwetu Kasulu, akaletwa Australia na mumewe na watoto, wakapewa nyumba ya serikali Macquarie Fields. Mumewe alifanya kazi ghalani Seven Hills, safari ya treni ndefu kila siku. Walikuwa na watoto wanne, watatu kati yao wakiwa wamezaliwa kwa kupasuliwa. Baada ya wa nne daktari alimwonya kwamba mimba nyingine ingeweza kumuua, kwa sababu ya yale makovu. Akawekewa kinga, kinga ikashindwa. Akiwa na mimba ya wiki nane alikwenda peke yake kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja ya serikali, ambayo sitaitaja, nami nikaitwa kumfasiria.

Riziki alieleza shida yake kwa kunong'ona. Karani akasikiliza, akaingia ndani kumuuliza daktari, akarudi. Akasema, "Huduma hiyo haitolewi katika hospitali hii." Nami nikafasiri: "Huduma hiyo haitolewi katika hospitali hii." Neno kwa neno. Hata Eleni asingepata pa kunikosoa.

Riziki akasema, "Asante." Akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaondoka.

Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka mlisome polepole. Nilikuwa nimeshafanya kazi katika kliniki moja, vituo vichache vya treni kutoka pale, iliyokuwa ikiwahudumia wanawake wenye shida kama yake. Nililijua jengo, nilimjua nesi, nilijua hata lifti yao mbovu. Karani hakusema, mgonjwa hakuuliza, na mimi sikuruhusiwa kuongeza neno. Nikachana karatasi yangu. Nilijiambia kwamba mtu mzima akikataliwa mlango huu ataulizia mwingine. Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyowafundisha watoto wa shule.

Lakini Riziki hakukulia mahali penye milango miwili. Kambini ofisi ni moja, hospitali ni moja, na anayekaa dirishani ndiye serikali. Akisema hapana, hapana hiyo imetoka juu kabisa, na kuuliza tena ni kujitafutia kuandikwa kama msumbufu. Aliporudi nyumbani hakufikiri kwamba hospitali moja haitoi huduma moja. Alifikiri kwamba Australia imemkatalia. Tena, kwa kuwa walikuwa wameomba uraia na jibu lilikuwa halijatoka, alifikiri kwamba ombi lake la siku ile limeandikwa mahali. Akajificha. Hakwenda kliniki yoyote mpaka mimba ilipokuwa ya miezi sita.

Haya niliyajua baada ya miaka mitatu, dukani Macquarie Fields, kwenye njia ya unga na mchele. Tulitambuana. Kwenye toroli yake alikaa binti mdogo aliyekuwa akila biskuti ambazo hazijalipiwa. Nikamsalimu, nikauliza habari za nyumbani, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nikauliza na lisilonihusu: kumbe ulipata msaada mwingine wakati ule? Akanieleza, akiwa amesimama, bila kupandisha sauti. Kondo la nyuma lilikuwa limeshika kwenye makovu. Alipoteza damu mpaka wakamtoa kizazi. Alilala chumba cha mahututi siku nyingi, na mumewe akaitwa kumuaga.

"Lakini Mungu alikataa," akasema. "Niko hapa."

Binti akasema kwa Kiingereza, "Mum, can we go?" nao wakaenda. Niliacha kikapu changu palepale sakafuni, nikatoka. Nililia ndani ya gari kwa muda mrefu, halafu nikakasirika, kwanza na karani, kisha na daktari aliyekuwa ndani, mwisho na mtu aliyestahili.

Nilikwenda kumwona Eleni, aliyekuwa amestaafu na kuishi na kanari wawili. Nilimsimulia bila jina wala mahali, kama kanuni inavyotaka.

"Uliongeza neno?" akauliza.

"Hapana."

"Ulipunguza?"

"Hapana."

"Basi ulifuata kanuni." Akawapa kanari mbegu. "Kanuni haikuahidi kwamba utalala vizuri."

Nikadhani amemaliza. Kumbe hajamaliza. Akaniuliza kama nilimwona mgonjwa ameelewa vibaya. Nikamwambia nilimwona akisema asante haraka mno. Eleni akaniambia kwamba kuna jambo moja mkalimani anaruhusiwa, nalo limo kwenye mwongozo, ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Unaruhusiwa kusimamisha mazungumzo na kusema, kwa lugha zote mbili: mkalimani anaomba kueleza kwamba huenda hamjaelewana. Ungesema tu kwamba mama huyu huenda ameelewa kuwa jibu hili ni la serikali nzima. Hapo karani angelazimika kujibu. Huo si ushauri. Ndiyo kazi yenyewe.

Nilikasirika kwamba hakunifundisha mapema. Akasema, "Nilikufundisha kunyamaza kwa sababu ulikuwa unapayuka. Kila mwanafunzi na dawa yake." Ilinichukua muda kumsamehe, na muda mrefu zaidi kukubali kwamba mwongozo nilipewa siku ya kwanza na ningeweza kuusoma mwenyewe. Vijana, usomeni wote. Tangu hapo sentensi ile niliitumia mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na mara mbili nililalamikiwa kwa kuitumia.

Miaka ikapita. Sheria ya jimbo ikabadilishwa, jambo lile likatolewa kwenye makosa ya jinai, na watu wengi wakafikiri kazi imekwisha. Sisi tunaokaa nyuma ya bega la mgonjwa tuliona kwamba neno limeruhusiwa lakini mlango bado ni uleule. Hospitali hii inatoa huduma, ile haitoi, ya tatu ilikuwa ikitoa na sasa imeacha, na dirishani mtu anaambiwa hapana tu. Ndipo ukaja muswada mwingine bungeni, wa kuwaruhusu wauguzi na wakunga waliosomea kutoa vidonge vya kutolea mimba, na wa kulazimisha kwamba anayekataa amwonyeshe mwanamke pa kwenda. Kikundi kimoja cha akina mama kikaanza kutafuta watu wa kuzungumza na wabunge wa jimbo ana kwa ana, katika chumba kisicho na kamera, bila majina.

Ofisi yetu ikapokea ombi la mkalimani wa Kiswahili. Mteja alikuwa amenitaja mimi. Nilipoona ni nani, nikafanya inavyotakiwa: nikawaeleza waandaaji kwamba nina mgongano wa maslahi, kwamba niliwahi kumfasiria mama huyu katika jambo hilohilo, na ni bora waite mwingine. Wakamuuliza. Akakataa mwingine. Nikaomba nizungumze naye kwa simu, mwandaaji akisikiliza.

"Mama Amani," nikamwambia, maana mwanawe wa kwanza anaitwa Amani, "kuna wakalimani wengine wazuri. Kwa nini mimi?"

"Mwalimu, wewe ulikuwako ile siku. Mbele yako siwezi kudanganya, na wewe pia mbele yangu hauwezi."

"Unajua nitasema kila utakachosema."

"Njo maana nakutaka wewe," akasema, yaani ndiyo maana, kwa Kiswahili cha kwao.

Mwandaaji akaandika kwamba nimeeleza mgongano wangu na mteja ameridhia. Usiku, kwa kweli, wateja wangu wote wa nyuma hawakuwahi kunikosesha usingizi kama huyu mmoja.

Tulikutana mjini kati, mlangoni mwa Bunge. Riziki alikuwa amevaa kitenge kipya cha kushona na viatu ambavyo kwa hakika vilimbana. Mumewe alikuwa amechukua siku ya mapumziko kazini akakaa nje na mkoba wake mapajani. Nilimuuliza Riziki kama yule binti, sasa wa miaka kumi, anajua mama yake yuko wapi leo. Akasema anajua amekwenda kuwasalimu viongozi. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha kuliko wabunge: kwamba siku moja mtoto atasikia maneno ya mama yake kutoka kwa mtu mwingine, yamegeuzwa. Alitaka yasemwe sawasawa au yasisemwe kabisa. Kwa hiyo nilijua uzito niliopewa. Neno likipinda mdomoni mwangu, atakayeumia ni yule mtoto.

Walimpa dakika kumi. Wabunge saba mezani, wengine wa upande unaounga mkono, wengine wa upande usiounga, na msaidizi mmoja mwenye saa. Nikakaa nyuma ya bega lake. Riziki akasimama, ingawa aliambiwa akae, akaanza.

Kwa wale msiowajua watu wetu: huwezi kuingia kwa mkubwa na kumwaga shida yako mezani kama mtu anayemwaga mchele. Kwanza unamshukuru Mungu aliyewafikisha. Unawasalimu wakubwa, na familia zao. Unashukuru nchi iliyokupokea, shule inayofundisha wanao, jirani aliyekuonyesha jinsi ya kutumia mashine ya kufulia. Riziki akawashukuru hata madaktari waliomtoa kizazi, kwa kuwa walimfungia damu. Nami nikafasiri kila salamu, moja moja, huku namwona msaidizi akiinua vidole kuonyesha zimebaki sita, zimebaki tano. Ningeweza kumnong'oneza: Mama Amani, ingia kwenye jambo. Sikuruhusiwa. Zilipobaki nne mbunge mmoja mwanamume, aliyekuwa na uso wa kupinga tangu tuingie, aliweka kalamu chini na kuanza kumsikiliza. Sijui ni salamu ya familia yake iliyomgusa au mashine ya kufulia.

Kisha Riziki akaingia kwenye jambo.

"Miye niko mama ya watoto watano. Huyu wa tano ninamupenda sana, na sikukuja kusema juu yake. Nilikuja kusema juu yangu. Docteur alinikataza mimba, mimba ikakuja, nikaenda ku hospitali kuomba musaada. Wakaniambia, hapa hatufanyi. Kwetu ku camp bureau ilikuwa moja. Ikikataa, unarudia ku nyumba. Nikarudia. Nikajificha miezi, mpaka siku damu yangu ilibaki kidogo ya kuisha."

Nikafasiri. Mimi ni mama wa watoto watano. Damu yangu ilikaribia kuisha. Sauti yangu ilikuwa imara, na nilianza kupumua.

"Na pale ku dirisha," akaendelea, "kulikuwa mutu mumoja mwenye alijua luga yangu. Alijua pia ule mulango mwingine uko wapi. Hakuniambia kitu."

Mjumbe hauawi, ndivyo tusemavyo. Hatusemi lolote juu ya mjumbe aliyepewa barua ya kumshitaki yeye mwenyewe. Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Ningeweza kusema "hakuna aliyeniambia." Ingepita, hakuna mezani ambaye angejua, na ingekuwa karibu kweli. Riziki hakugeuka kunitazama. Alisubiri tu, mikono imeshika ukingo wa meza.

Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ileile: pale dirishani palikuwa na mtu mmoja aliyeijua lugha yangu. Alijua pia mlango mwingine uko wapi. Hakuniambia kitu.

"Simukasirikie," akasema Riziki. "Kazi yake ilimukataza kusema. Ule wa ku dirisha, kazi yake haikumulazimisha kusema. Kila mutu alifuata sheria, na miye nikabaki na damu. Njo maana nilikuja kwenu, kwa sababu sheria ni nyie munaiandika. Muandike kama mwenye kusema hapana, aseme pia ni wapi. Ni ile tu naomba. Asante."

Yule mbunge aliyeweka kalamu chini akauliza swali. Alitaka kujua kama mama huyu anajua mkalimani yule yuko wapi siku hizi. Nikamfasiria Riziki swali hilo, kwa Kiswahili kizuri cha shule, na masikio yangu yalikuwa yanawaka.

"Yuko," Riziki akajibu. "Anaendelea na kazi yake. Leo ameifanya muzuri."

Nikafasiri na hilo. Nilipofika kwenye "leo" yule mbunge alinitazama mimi, mara ya kwanza tangu tuingie, akainamisha kichwa kidogo. Dakika zilikuwa zimekwisha zamani. Msaidizi hakuwa ameinua kidole.

Nje, kwenye benchi, mumewe akafungua ule mkoba. Ulikuwa na maandazi na chupa ya chai. Kazi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilikula matatu. Riziki akavua viatu.

"Mwalimu, niliogopa utaruka lile neno."

"Na mimi niliogopa."

"Haukuruka hata moja," akasema, akanishika mkono. Nikamwomba msamaha pale, kwa maneno ya kawaida, nikitumia "mimi" ya kwangu mwenyewe. Akasema ameshasikia, nisimharibie chai.

Muswada ulipita ukiwa umekatwakatwa. Wauguzi na wakunga walibaki ndani. Kile kipengele cha kumwelekeza mwanamke hakikupita kama kilivyoandikwa, ila baada ya muda hospitali zetu zilipelekewa waraka wenye maana ileile: asiondoke mtu dirishani bila kuelekezwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wapo wanaoendelea kuwaandikia wabunge wakitaka iwe sheria si waraka, na Riziki ni mmoja wao. Barua zake, nasikia, zina salamu ukurasa mzima. Siku waraka ulipotoka alinipigia simu, akaniambia tu, "Mwalimu, imeandikwa," na mimi nikakaa chini jikoni. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile tangu nije nchi hii.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa katika wiki ya kustaafu. Dada mmoja wa Kirundi, bado msichana, amevaa koti zito kama mtu asiyenuia kukaa. Dirisha la mapokezi, karani ambaye sijawahi kumwona. Dada akaeleza shida yake kwa kunong'ona. Karani akasema huduma hiyo haitolewi katika hospitali hii. Nikafasiri. Dada akaanza kugeuka. Karani akasema, "Subiri, sijamaliza. Kaa hapo. Nitawapigia wanaotoa huduma hiyo sasa hivi, na hutaondoka hapa kabla hujajua unakwenda wapi, siku gani na saa ngapi."

Nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Miaka ishirini na mitatu sikuwahi kumchelewesha mteja sentensi yake. Dada akanitazama usoni, akaogopa.

"Mama, wamekataa?"

Nikamfasiria neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua koti, akaketi.